Kichocheo changu kinazidi kuimarika kadiri ninavyokitumia. Nikiandike hivyo kwenye ripoti ya mfadhili?

Salfidi_Mo aliuliza:

Wakuu, salamu. Naomba mnisome kwa utulivu, maana wiki hii nimelala kidogo mno.

Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Mradi wetu umefadhiliwa kwa miaka minne kutafuta vichocheo vya kutenganisha maji kwa umeme bila kutegemea platini. Mimi nimepewa upande wa hidrojeni, na kichocheo changu ni salfidi ya molibdeni ninayoikuza juu ya karatasi ya kaboni. Wanaoifahamu wanajua ilikotoka: mwaka 2005 hesabu za kompyuta zilionyesha kuwa kingo za salfidi hii huishika atomi ya hidrojeni kwa nguvu inayokaribiana na ile ya platini, yaani haiing'ang'anii wala haiiachii mapema. Mwaka 2007 majaribio yakathibitisha kwamba kazi hufanyika kwenye kingo, si kwenye uso bapa. Basi miaka yangu miwili yote imekwenda kwenye kingo. Nakuza vijani vidogo vinavyosimama wima badala ya kulala, ili kingo nyingi zitazame maji.

Kwenye andiko la kuomba fedha tuliahidi kwamba mwaka wa tatu ukiisha tutakuwa chini ya milivolti 120 za ziada (volti inayozidi ile ya kinadharia, ikiwa ndogo ndiyo bora) kwenye mkondo wa miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, ndani ya asidi ya salfuriki ya moli 0.5 kwa lita. Elektrodi yangu mpya inatoa 212. Nimehangaika nayo kwa joto, kwa muda wa kukuza, kwa uwiano wa salfa, na ndipo ilipogota.

Mwezi uliopita nikaanza jaribio la uimara, mizunguko 3,000 ya volti kwenda na kurudi. Nilijiandaa kuona ikichoka. Baada ya mizunguko 500 ikasoma 171. Baada ya 1,500 ikasoma 124. Ilipofika 3,000 ikasoma 96, na mteremko wa Tafel, yaani milivolti zinazohitajika kuuongeza mkondo mara kumi, ukawa umetoka 86 hadi 43. Nimerudia kwa elektrodi tatu kutoka mikupuo mitatu tofauti, na zote zimefanya vilevile.

Msimamizi wangu amefurahi, na furaha yake naielewa kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya jopo akatetea ile 120. Anasema kichocheo "kinajiamsha", na ameniagiza niandae mchoro wa ripoti. Ripoti inatakiwa baada ya wiki sita. Mwenzangu ameshaanza rasimu ya makala.

Mimi siwezi kuuandika mchoro huo nikatulia, kwa sababu sijui kwa nini inatokea. Chini ya darubini ya elektroni vijani ni vilevile, havijachanika wala kuota vingine. Eneo la uso linaloshiriki, nikilikadiria kwa chaji inayohifadhiwa usoni, limepanda kwa takriban asilimia 10 tu. Kitu ambacho umbo lake halijabadilika kimepataje kuruka namna hii?

Kifaa changu ni cha kawaida: chupa moja ya glasi, elektrodi yangu, waya wa platini wa kufunga sakiti, na elektrodi ya rejea, ya kulinganishia volti, ya fedha na kloridi ya fedha. Hakuna ukuta katikati. Kama kuna aliyewahi kukutana na jambo hili naomba aniambie waziwazi, hata kama jibu ni chungu.

VoltiMoja23 alijibu:

Ndugu yangu, mradi wako ni wa kuiondoa platini, na platini umeizamisha kwenye chupa ileile.

Unapovuta hidrojeni upande wako, ule waya upande wa pili unatoa oksijeni. Maana yake umepandishwa hadi volti kubwa mahali ambapo uso wa platini huoksidika, na kiasi kidogo huyeyuka kuingia kwenye asidi. Mizunguko ndiyo mibaya zaidi. Platini ikishikiliwa kwenye volti moja hujivika tabaka la oksidi linaloikinga kwa kiasi. Ukiipandisha na kuishusha mara 3,000, kila mara tabaka hilo linavunjwa na kujengwa upya, na kila mara ioni kadhaa zinatoroka. Zikishatoroka, zinakwenda kule zinakovutwa, nako ni kwenye elektrodi yako iliyo hasi. Zinatua hapo zikiwa metali. Umekuwa ukiipaka platini elektrodi yako kwa wiki nzima bila kujua.

Na kuna la pili. Ile elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha ina mmumunyo wa kloridi ndani, nao huvuja polepole kupitia kijitundu chake. Kloridi huikamata platini na kutengeneza viungo vinavyoyeyuka kwa urahisi, kwa hiyo inaharakisha kuliwa kwa waya. Ndani ya asidi ya salfuriki tumia rejea ya zebaki na salfati ya zebaki, au ile ya hidrojeni yenyewe.

Platini inayotosha kukudanganya ni ndogo kiasi kwamba darubini yako haitaiona. Mikrogramu chache kwa sentimita ya mraba zinabeba miliampea 10 bila jasho. Na huo mteremko wako umekuwa ukishuka kuelekea 30, ambayo ndiyo alama inayojulikana ya platini safi kwenye asidi. Hilo ndilo lililonifanya niache nilichokuwa nikifanya nikae kukujibu.

Fanya hivi. Chukua elektrodi mpya kutoka mkupuo uleule. Badili waya uweke fimbo ya grafiti safi. Chupa usiioshe kwa sabuni na kuridhika, platini hung'ang'ania glasi. Ioshe kwa maji ya kifalme (mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki) ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa umevaa kinga zote, kisha uichemshe kwa maji safi mara kadhaa. Rudia mizunguko 3,000. Ile elektrodi ya zamani, kata kipande ukipime kwa eksirei za uso uone kama kuna vilele vya platini karibu na elektronivolti 71 na 74. Kipande kingine kiyeyushe, upeleke kwenye ICP-MS, mashine inayopima kiasi kidogo sana cha metali.

Kingo_Wima alijibu:

Mimi ningesema tusimhukumu haraka. Salfidi za molibdeni hujiamsha kweli. Filamu zisizo na fuwele, zile zenye salfa nyingi, hubadilika katika mizunguko ya mwanzo: salfa ya ziada inaondoka, molibdeni inachukua hali nyingine, na utendaji unapanda. Limeshaandikwa na watu makini, na mimi mwenyewe nimeliona kwa filamu niliyotengeneza kwa umeme. Msimamizi wako hajatunga.

VoltiMoja23 alijibu:

Kweli kabisa, na ni vizuri umelitaja. Lakini kujiamsha huko hutokea mwanzoni, mizunguko kumi, ishirini, pengine hamsini, halafu hutulia. Cha Salfidi_Mo kinaendelea kupanda hadi mzunguko wa 3,000. Kinachopanda bila kuchoka namna hiyo kina kitu kinachokilisha kutoka nje.

Kwa vyovyote vile fimbo ya grafiti itaamua kati yetu. Wala uchafu si lazima uwe mwisho wa habari. Kwenye upande wa oksijeni, watu walisifu oksidi ya nikeli kwa miaka mingi ndani ya alkali. Mwaka 1987 mtafiti Corrigan akaonyesha kwamba chembe za chuma zilizomo ndani ya hidroksidi ya potasiamu hubadilisha tabia ya nikeli kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2014 kundi la Boettcher likaisafisha alkali hiyo hadi chuma kikaondoka, na nikeli iliyosifiwa ikabaki dhaifu. Leo nikeli pamoja na chuma ni miongoni mwa vichocheo bora vya upande huo, na watu wanakitia chuma kwa makusudi. Tofauti ni kwamba chuma ni kingi na rahisi. Platini ndiyo mliyoahidi kuikwepa.

TabakaNyembamba alijibu:

Mimi natoka upande wa seli za jua, perovskaiti, kwa hiyo vichocheo sivijui kwa kina. Nimeingia kwa sababu ya neno "ripoti". Niruhusuni nieleze yaliyotukuta.

Perovskaiti zilianza mwaka 2009 zikigeuza asilimia 3.8 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme, kwa kundi la Miyasaka kule Japani. Mwaka 2012 zikagusa 10, na leo zimevuka 26. Hakuna nyenzo ya sola niijuayo iliyokimbia hivyo. Silikoni ilianza na takriban 6 mwaka 1954 na ikachukua miongo kufika hapo. Ukiingia kwenye uwanja unaokwenda kasi namna hiyo, kila mtu anayekuzunguka ana namba kubwa, nawe unaona haya kusimama na yako ndogo.

Mwaka wa kwanza wa mradi wetu nilipata seli ya asilimia 19.4. Nilipima kwa kushusha volti kutoka juu hadi sifuri, haraka. Nilipopima kwa kupandisha, nikapata 15.7. Wakati huo tulijua kuna tofauti hiyo. Inatokana kwa sehemu kubwa na ioni zinazosogea ndani ya fuwele zikifuata uga wa umeme, kwa hiyo seli inakumbuka ilikotoka. Kipimo cha haki ni kuishikilia kwenye nguvu yake ya juu kabisa kwa dakika kadhaa uone inatulia wapi. Yangu ilitulia 16.3.

Tukaandika 19.4. Tulisema chini kwa herufi ndogo kwamba ni kipimo cha kushusha. Hapakuwa na uongo pale, na bado najuta.

Sababu ni hii. Mfadhili alichukua 19.4 kama mahali tulipo, na lengo la mwaka wa pili likawekwa 21. Mtu aliye kwenye 16.3 ameahidi 21. Nilitumia mwaka mzima, pamoja na kijana mmoja wa uzamili ambaye shahada yake ilitegemea kazi hiyo, tukilikimbiza pengo la karibu asilimia 5 huku kwenye karatasi likisomeka kama moja na nusu. Kila mwezi tulionekana tumeshindwa. Yule kijana aliamini hana mikono ya maabara. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Aliondoka kwenye sayansi, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau.

Kwa hiyo Salfidi_Mo, usiitazame 96 kama namba ya mwaka huu. Itazame kama sakafu utakayosimamishwa juu yake mwaka wa nne, wewe na atakayekuja nyuma yako kwenye benchi hilo.

MsomaRipoti alijibu:

Nimesoma ripoti za aina hii kwa miaka kadhaa nikiwa upande wa wanaotathmini. Nitasema mawili matatu ambayo watafiti wachanga hawaambiwi.

Lengo lisilofikiwa halituogopeshi kama mnavyodhani. Tunapopitisha mradi wenye malengo makubwa tunajua baadhi yatakosa. Kinachotusumbua ni namba nzuri isiyo na maelezo, kwa sababu tunaifanyia kazi. Kwenye programu moja kunaweza kuwa na makundi sita yanayojaribu nyenzo sita. Mmoja akileta 96, fedha za awamu inayofuata husogea kwake, na hazitoki hewani. Zinatoka kwa jirani yake aliyeleta 150 ya kweli. Nimekaa kwenye kikao kilichofanya hivyo. Nyenzo iliyonyimwa haikurudi tena.

Halafu kuna mfano ambao napenda kila mtu wa vichocheo aujue. Kwa miaka kadhaa makala zilimiminika za kutengeneza amonia kwa umeme kutoka nitrojeni ya hewa, kwenye joto la kawaida. Mwaka 2019 kundi la Denmaki na Marekani lilichapisha utaratibu mkali wa kupima: tumia nitrojeni ya isotopu 15, ile nzito inayotofautishwa na ya kawaida, isafishe gesi yenyewe, hesabu kiasi. Walipojaribu metali mbalimbali kwa utaratibu huo, nyingi hazikutoa amonia waliyoweza kuithibitisha. Njia ya litiamu ndiyo iliyosimama. Amonia nyingine ilitoka kwenye pumzi, kwenye glavu, kwenye gesi, kwenye utando. Kwa mfadhili, makala ile ilikuwa na thamani kuliko kumi za namba nzuri, maana ilituambia fedha zisiende wapi.

Kuhusu wiki sita: zungumza na ofisa wa mradi sasa, usingoje tarehe. Mwambie mmeona dalili ya uchafuzi na mnaifuatilia. Andiko la kuomba kuongezewa muda bila fedha za ziada hupokelewa vizuri likija kabla ya tarehe, na hutiliwa shaka likija baada yake. Liandike na msimamizi wako, sahihi iwe yake. Usiende peke yako nyuma ya mgongo wake. Utamjeruhi, na hujui bado atasema nini ukimwonyesha data.

Salfidi_Mo alijibu, baada ya siku 19:

Wakuu, nimerudi. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilinunua fimbo ya grafiti safi, nikaosha chupa kama VoltiMoja23 alivyoagiza, nikaazima rejea ya zebaki kutoka maabara ya jirani. Elektrodi mpya, mkupuo uleule. Ilianza 212. Baada ya mizunguko 50 ikasoma 204, kwa hiyo Kingo_Wima hakukosea, kipo kiasi kidogo cha kujiamsha. Ikatulia hapo. Mzunguko wa 1,500 ikasoma 206. Mzunguko wa 3,000 ikasoma 209, mteremko 84.

Nilikaa mbele ya ile skrini usiku wa manane nikiitazama 209. Sikulia, ila nilikaa muda mrefu.

Kipande cha elektrodi ya zamani kilionyesha vilele viwili vya platini pale mlipokwishasema. ICP-MS ikatoa mikrogramu 2.8 kwa sentimita ya mraba. Nikafanya jaribio moja zaidi ambalo hamkuniagiza: karatasi tupu ya kaboni, bila salfidi kabisa, na waya wa platini wa zamani. Baada ya mizunguko 3,000 karatasi hiyo tupu ikasoma 118. Karatasi isiyo na kitu ilitimiza lengo letu la mwaka wa tatu.

Hiyo ya karatasi tupu ndiyo niliyompelekea msimamizi kwanza. Niliweka michoro mitatu mezani bila kusema neno. Akaitazama, akauliza fimbo ilikuwa safi kiasi gani, akauliza nani aliosha chupa, akaomba kuona daftari. Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Alipozungumza alisema anahitaji orodha ya kila kipimo kilichofanywa kwenye chupa ile tangu mradi uanze, pamoja na data za makala yetu moja iliyokwisha kutoka. Tunazirudia zote. Jioni ile ile alimwandikia ofisa wa mradi na nakala akaniwekea. Tumeomba miezi sita bila fedha za ziada.

Ripoti itakwenda na 209 kwa mizunguko 3,000, na mchoro wa karatasi tupu ukiwa kwenye ukurasa wa pili, kwa ombi lake mwenyewe. Nataka niseme pia, kwa sababu naona watu wanaweza kuisoma kama habari ya kushindwa: salfidi hii imepoteza milivolti 5 tu tangu ilipotulia, ndani ya asidi kali. Kabla ya hapa sikujua kwamba ni imara hivyo, kwa sababu platini ilikuwa inaifunika. Sasa najua nina nyenzo dhaifu kiasi lakini inayovumilia, na hilo ni tatizo jingine kabisa la kushughulikia. Nitarudi kwenye kuongeza wingi wa kingo kwa kila sentimita, nikiwa na namba ninayoiamini.

TabakaNyembamba, habari ya yule kijana nimeisoma mara nyingi. Kuna msichana wa uzamili anaanza kwenye benchi langu mwezi ujao. Ndiyo maana nilifanya lile jaribio la karatasi tupu, nimwonyeshe siku ya kwanza.

Swali moja la kifundi limebaki. Fimbo ya grafiti inaacha vumbi jeusi kwenye asidi baada ya mizunguko 2,000 hivi. Nimeweka kichujio cha glasi katikati, vumbi limezuilika, lakini upinzani wa seli umepanda hadi omu 14 na masahihisho ya volti yamekuwa makubwa kuliko ninavyopenda. Ninyi mnatenganisha kwa nini?

VoltiMoja23 alijibu:

Grafiti nayo huliwa, inatoa kaboni dioksidi na mabaki, ndiyo maana ya hilo vumbi. Ongeza ukubwa wa fimbo ili mkondo ugawanyike kwenye uso mpana, itapungua. Kwa ukuta tumia utando wa Nafion badala ya kichujio, upinzani utashuka sana. Kabla ya kuufunga, uchemshe kwenye peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 kwa saa moja, kisha maji safi, kisha asidi yako ya moli 0.5, kisha maji tena, kila hatua saa moja kwenye nyuzi 80 hivi. Ukumbuke utando huo hupitisha ioni chanya, kwa hiyo usirudishe platini upande wa pili ukidhani umekingwa. Na uushike kwa koleo za plastiki. Za chuma zinaacha ioni za chuma ndani yake, nazo pamoja na peroksidi huula utando.